Dakika Hamsini Hadi Kisumu na Mama Mkwe

Mmeniuliza vya kutosha. Tangu nirudi sijachomelea hata bawaba moja bila mtu kusimama mlangoni mwa karakana, kikombe cha chai mkononi: "Mutiso, kwani ilikuwaje? Eti mlikosa ndege mkiwa ndani ya uwanja, mmeketi?" Ndiyo, tulikosa tukiwa tumeketi. Leo stima imepotea Kitengela nzima na mashine zimelala, kwa hivyo naandika mara moja. Msome, mcheke, kisha mniache nifanye mageti ya watu.

Kwanza niseme simu yangu haikunidanganya. Niliiuliza kutoka Nairobi hadi Kisumu kwa ndege ni mwendo gani, ikanijibu kwa upole kabisa kwamba ni kilomita mia mbili na kitu, dakika hamsini. Ikanichorea na mstari, umenyooka vizuri, hauna kona wala mtu anayeuza mahindi. Dakika hamsini! Mimi hapa Kitengela, mwisho wa mwezi, nimeshamaliza muda kama huo nikingoja kuvuka barabara tu. Nikajiambia hii ni safari ya kwenda na kurudi kabla chai haijapoa. Tatizo ni kwamba mstari ule ulionyesha viwanja viwili vya ndege, haukuonyesha mama mkwe.

Wengi wenu mnamjua mke wangu Nasieku, yule mwalimu wa chuo aliyehamishiwa Kisumu. Alikuwa na mimba ya miezi minane, presha ikaanza kumsumbua, na daktari akaamua mtoto atolewe kwa upasuaji Alhamisi mchana. Nasieku akakubali kila kitu isipokuwa kimoja: hataingia chumba cha upasuaji kabla mama yake hajamtemea mate. Msishangae nyinyi wageni. Kwa Wamaasai mate ya mzazi ni baraka, na mama yake hutema kidogo tu, kama umande. Mimba yetu ya kwanza ilipotea, na siku hiyo mama alikuwa bado yuko njiani, gari limewaharibikia. Nasieku hakusema hiyo ndiyo sababu. Hakuwa na haja ya kusema. Na mimi, pamoja na mdomo wangu huu mnaoujua, nilikuwa na woga uliofanya chakula kisipite.

Basi kazi yangu ilikuwa moja: nimtoe mama mkwe Kajiado, nimfikishe Kisumu kabla ya upasuaji. Ndege ilikuwa ya asubuhi, muda ulikuwa tele.

Jambo la mwisho kabla sijawasha gari. Mimi ni Mkamba. Kwetu mkwe na mama mkwe wana nthoni, yaani haya ya heshima: hamketi bega kwa bega, hamli mbele ya mwenzako, na jina la mwenzako halitoki mdomoni mwako. Wamaasai nao wana yao, wanaiita enkanyit, na ukiitazama ni ileile. Watu wakioana kutoka makabila mawili hupata nafuu, desturi moja inailegeza nyingine. Mimi nikapata mbili zinazokubaliana kila kitu. Siku ya mahari nilimpa mama huyo kondoo jike, na tangu hapo yeye ananiita Paker na mimi namwita Paker, kwa sababu ya huyo kondoo. Miaka saba tunaitana hivyo kwa heshima kubwa, na nafasi ya kupita trela katikati yetu.

Kitengela hadi Kajiado, yaani kuukimbia uwanja

Ukipanda ghorofa hapa kwetu unaziona ndege zikishuka Embakasi, uwanja uko karibu kiasi hicho. Kwa hiyo, kama mtu mwenye akili zake, nilianza safari ya kwenda uwanjani kwa kuendesha pikapu kuelekea upande wa pili kabisa, barabara ya Namanga, giza likiwa bado halijaondoka.

Nilipita Isinya, nikapita mji wa Kajiado, nikaingia barabara ya vumbi inayoelekea kwao. Mama mkwe alikuwa tayari langoni mwa boma, ameketi juu ya kigoda, shuka nyekundu imepigwa pasi, shanga zote shingoni. Kando yake kulikuwa na mfuko, na ndani ya mfuko chupa kubwa ya mafuta ya kondoo aliyoyayeyusha mwenyewe. Mama aliyejifungua akinywa hayo, kwao wanasema, anarudi na nguvu zake.

"Takwenya, Paker," nikasalimu kutoka mbali.

"Iko, Paker. Umechelewa."

Jua lilikuwa halijatoka. Nikaomba msamaha kwa niaba ya jua.

Akaniangalia kando, si usoni, akauliza, "Hii ndege, wewe ulishapanda?"

Hapa ndipo mambo yalipoanza kuharibika, ingawa hakuna aliyejua. Sikuwa nimepanda ndege hata siku moja. Nimeziona kila siku, kwa hivyo nikajibu, "Aah, ndege mimi nazijua sana."

"Basi ni sawa. Wewe ndio mtu wa ndege. Mimi nitafuata vile utafanya."

Nikafungua mlango wa mbele. Pikapu yangu ina kiti kimoja kirefu, watu watatu wembamba wanaenea. Mama mkwe akakitazama kile kiti, akakitazama kiti cha dereva kilichoshikana nacho, akazunguka nyuma na kupanda kwenye bodi pamoja na vyuma vyangu. Akaweka kigoda chake, akaketi, akajifunika shuka.

"Paker, huko kuna baridi."

"Mimi nimeishi kwa baridi. Endesha."

Kajiado hadi Kitengela, na nyanya katikati

Sijui kama mmewahi kuendesha gari kwenye lami huku kiti cha mbele kikiwa kitupu na bibi kizee wa watu yuko nyuma anapigwa na upepo. Mimi sasa najua. Kila gari lililotupita dereva aliteremsha kioo ili anitazame vizuri. Mwendesha boda mmoja alipiga breki, akaja hadi dirishani na kuniuliza kama nilizaliwa au niliokotwa.

Karibu na Isinya askari wa barabarani akanisimamisha. Alizunguka gari, akarudi na uso umekunjamana.

"Wewe, huyo ni nani umebeba nyuma kama gunia?"

"Ni mama mkwe wangu, afande."

"Na hapo mbele umebeba nani?"

"Hakuna, afande. Ni heshima."

"Ni nini?"

"Heshima."

Nikaeleza desturi ya Wakamba, nikaeleza ya Wamaasai, nikaeleza mambo ya kondoo. Mama mkwe naye akasema kutoka nyuma, "Afande, mwache. Huyu kijana ako na adabu."

"Hata kama," askari akasema. "Sheria inasema mama akae mbele. Na nyinyi hamtaki kukaa pamoja. Ngoja."

Akaangaza kando ya barabara. Palikuwa na mama mmoja mnene anangoja gari, amekalia kreti ya nyanya. Askari akamwita, "Mama, unaenda Kitengela? Ingia hapo katikati, wewe utakuwa ukuta."

Hivyo ndivyo nilivyomjua Mama Shiru, mwuza nyanya. Kreti ikaenda nyuma, yeye akaingia katikati, mama mkwe akaketi dirishani, sote tukaonekana watu wa maana. Mama Shiru alihitaji muda mfupi tu kuelewa kazi yake.

"Mwambie Paker," mama mkwe akasema akiangalia dirishani, "anakimbia sana."

"Anasema unakimbia sana," Mama Shiru akaniambia, kana kwamba mimi niko Tanzania.

"Mwambie Paker tukichelewa ndege haitatungoja," nikajibu.

"Anasema haitawangoja."

"Mwambie nimesikia. Mimi si kiziwi."

"Anasema—"

"Nimesikia, Mama Shiru."

Halafu mbuzi. Mnawajua mbuzi wa barabara ile. Mia kadhaa walivuka polepole, kila mmoja akisimama katikati ya lami kufikiria maisha yake. Nikapiga honi. Mama mkwe akamtuma Mama Shiru aniambie nisipige honi, mbuzi wa watu wakistuka watatawanyika na mwenyewe atapata taabu. Ndege yangu iko juu inateremka Embakasi, mimi nimekatazwa kumstua mbuzi.

Tulipomshusha Mama Shiru hapa sokoni aliniachia nyanya mbili na pole nyingi. Kutoka hapo hadi uwanjani nilimwomba jirani yangu fundi Karis, mnamjua, aje aketi katikati. Ndiyo maana siku hiyo Karis hakufungua duka, si kwamba alikuwa mgonjwa kama alivyowaambia.

Uwanjani, mahali pa sambusa

Mnashangaa? Tulifika mapema. Naomba mlikumbuke hilo mnaponisema.

Kwenye ukaguzi, kijana mmoja aliyevaa glavu akaitoa ile chupa, akaifungua, akainusa, akaifunga haraka.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni kondoo."

Akasema haiingii ndani ya ndege, iende na mizigo chini. Mama mkwe akauliza kama huko chini kuna mtu wa kuiangalia. Kijana akasema hakuna mtu. Mama mkwe akanitazama mimi, mtu wa ndege, nikaitikia kwa kichwa kama anayelijua jambo hilo tangu utotoni, akaiachia kwa shingo upande.

Kwenye kaunta, binti mwenye tabasamu kubwa akasema, "Nimewaweka pamoja wewe na mama."

"Hapana, tutenganishe."

Tabasamu likapungua. "Mmekosana?"

"Hatujawahi kukosana hata siku moja," nikasema, na ilikuwa kweli, kwa sababu ili kukosana na mtu lazima muongee. Akatupa viti vya mbali, akanitazama vibaya hadi tulipoondoka.

Sasa sehemu mnayoitaka. Ukumbi wa kungojea ulikuwa mkubwa. Mama mkwe aliketi karibu na lango la kutokea, mkoba magotini, mgongo umenyooka. Mimi, kwa heshima, nikaenda upande wa pili kabisa, kwenye kimeza cha chai, nikaketi nikiwa nimempa mgongo ili asilazimike kuniona nikila. Nilikuwa sijala tangu jana. Nikanunua sambusa na chai, bei yake sitaki hata kuikumbuka, nikampigia Nasieku.

Sauti yake ilikuwa ndogo. Nikaanza kumwongelesha, nikimwambia habari za Mama Shiru ili acheke, na akacheka kidogo. Kipaza sauti kilikuwa kinakoroma huko juu, watu wakiitwa huku na kule. Nyuma yangu nikasikia kikohozi. Nikakijua. Nikajiambia, masikini, Paker anapita na mimi ndio kwanza nimejaza mdomo. Nikageuza kiti, nikauelekea ukuta kabisa. Kikohozi kikaja tena, kikali zaidi. Nikainama juu ya sahani ili nisionekane. Kwa kweli wazazi wangu walinilea vizuri.

Nilipomaliza nikapangusa midomo, nikageuka. Ukumbi ulikuwa mtupu. Mama mkwe alikuwa palepale kwenye kiti chake, mtu mmoja peke yake katika safu nzima, na lango lilikuwa limefungwa.

Nilikimbia. Bwana wa langoni akaniambia kwa utulivu kwamba wametuita mara nyingi na sasa mlango umefungwa. Nimechomelea mageti maisha yangu yote na sijawahi kuona geti lililofungwa kwa roho safi namna ile. Nikamwonyesha ndege kwenye kioo. Ile pale! Haijaenda! Akasema ndiyo, haijaenda, kwa sababu mizigo ya abiria ambao hawakupanda lazima iteremshwe kwanza.

Tukasimama kwenye kioo, mama mkwe huku na mimi kule, tukatazama ndege nzima, na watu wake wote ndani, ikingoja mtu atafute na kushusha chupa moja ya mafuta ya kondoo. Chupa iliweza kungojwa. Sisi hatukuweza. Mfuko ukatoka, mlango wa mizigo ukafungwa, ndege ikaondoka.

"Paker," nikasema, na nilisahau hata kumwangalia pembeni, "hukuona watu wakiingia?"

"Niliona."

"Hukusikia wakituita?"

"Nilisikia jina lako. Mara tatu nilisikia." Akavuta shuka mabegani. "Lakini ulikuwa unakula."

Nikakung'uta chembe za sambusa shatini.

"Nilikohoa," akasema. "Nilikuja hadi pale nyuma yako, nikakohoa mpaka koo ikauma. Ukageukia ukuta. Nikasema, yeye ndio mtu wa ndege, anajua itamngoja."

Akakaa chini, akajifunika uso na shuka. Niliondoka nikaenda kusimama kando ya choo cha wanaume na, nawaambia ukweli, nililia.

Katikati, ambako simu haikupimia mwendo

Nilimpigia Nasieku. Akauliza, "Mmekosa ndege kwa sababu ya sambusa?" Halafu akaanza kulia na daktari akaichukua simu.

"Bwana Mutiso, presha haimngoji mtu. Nitavuta mpaka saa tisa. Ikifika saa tisa, mama awe amekuja au hajakuja, naingia."

Nikauliza kama mama anaweza kumbariki kwa simu. Nikamsimamisha mwanamke mmoja wa usafi aliyekuwa anapita, nikamwomba ampelekee mama mkwe ujumbe. Akaenda, akarudi.

"Anasema mate hayapiti kwa simu."

Ndege nyingine ilikuwepo mchana. Viti viwili tu vilikuwa vimebaki, vya mwisho kabisa nyuma, vimeshikana. Yule binti wa tabasamu akaniangalia kwa furaha ambayo sitaisahau.

"Sasa ni pamoja tu," akasema.

Na ndege ikachelewa. Nani alidhani haitachelewa? Wakati ule wa kungoja sikula, sikunywa, sikugeuka hata kidogo. Nilisimama mbele ya lango kama ng'ombe anayengoja chumvi. Nilipochungulia kwa pembeni nikamwona mama mkwe, midomo imemkauka, na ndipo likanijia. Tangu alfajiri nimekuwa mbele ya macho yake. Mama wa watu hakuwa ametia kitu mdomoni siku nzima, kwa sababu popote alipogeuka mimi nilikuwepo. Nilinunua maji na mkate, nikampa mwanamke wa usafi ampelekee, nikaingia chooni na kukaa humo hadi alipokuja kugonga: "Anasema amemaliza. Toka."

Angani, bega kwa bega

Hiyo ndege ilikuwa ya mapangaboi kwenye mabawa, viti viwili viwili. Mama mkwe alichukua cha dirishani. Mimi nikaketi nusu kwenye kiti, nusu kwenye njia, mhudumu akipita ananipiga na kigari chake. Mama mkwe alijivuta hadi ukutani. Katikati yetu tuliweka mkoba wake, tukauachia nafasi ya kutosha.

Mimi, mtu wa ndege, nilifunga mkanda baada ya kuangalia jirani yangu wa ng'ambo anafanyaje. Injini zikanguruma, tukakimbia, ardhi ikatuachia. Nikafumba macho, nikashika mkono wa kiti kwa nguvu zangu zote, nikasali kwa Kikamba na kwa Kiswahili.

"Paker," nikasikia. "Hii ni mkono yangu."

Nikafumbua jicho moja. Ilikuwa kweli. Mkono wa kiti ulikuwa upande wa pili.

"Samahani, Paker! Samahani sana!"

"Hujawahi kupanda."

"Sijawahi, Paker."

Halafu mabega yake yakaanza kutikisika ndani ya shuka, nikadhani analia, kumbe anacheka. Alicheka bila sauti hadi machozi yakamtoka, na mimi nikacheka, tukiwa tumeangalia mbele wote wawili kama watu walio kanisani.

Baadaye akaegemea dirisha. "Hapo chini ni kwa nani?"

"Nafikiri ni upande wa Narok."

"Basi bado tuko nyumbani," akasema. Kisha, bila kumtuma mtu yeyote, akaongea na mimi. "Ile siku ya mtoto wa kwanza, gari iliharibika Ilbisil. Nikakaa kando ya barabara mpaka jioni. Mtu akanipigia simu akasema mama rudi tu, imeisha. Nikarudi. Sikumwona binti yangu uso siku hiyo." Akageuka kutoka dirishani. "Leo haikuwa gari. Leo ni mimi nilikaa na nikanyamaza. Paker, kama nimemchelewesha tena..."

"Ni sisi wawili tulimchelewesha."

"Ni sisi wawili," akasema.

Mhudumu akaleta njugu na juisi. Tukazipokea kwa shukrani, tukazishikilia magotini hadi Kisumu.

Kisumu, saa tisa kasoro

Simu ilisema kweli, angani ni dakika hamsini. Mlango ulipofunguliwa joto likatupokea kwa kutushika shingo. Jirani ya Nasieku, Mama Akinyi, alikuwa anatungoja na tuktuk na dereva wake tayari. Huyo mama hajui kuongea polepole. "Ingieni! Ingieni! Wewe mkwe kaa huku, mama kaa hapo, sogea, sogea!" Alitusukuma ndani pamoja, yeye akaketi juu ya sehemu ya kila mmoja wetu, na hakuna aliyekumbuka nthoni wala enkanyit wala kondoo. Mama mkwe alikuwa ameikumbatia chupa yake, iliyokuja tena na mizigo, na anamwambia dereva, kwa Kimaa, jambo ambalo dereva hakulielewa lakini akaongeza mwendo.

Tulikimbia kwenye kibaraza cha hospitali. Nasieku alikuwa tayari juu ya kitanda cha magurudumu, mlangoni mwa chumba cha upasuaji, kofia ya kijani kichwani. Daktari alikuwa ameshika mlango. Alipotuona aliangalia saa yake, akaachia mlango, akasema, "Haraka."

Mama mkwe akamshika binti yake uso kwa mikono miwili. Akaomba kwa Kimaa, sauti ya chini, akataja jina la Enkai, Mungu wao, mara nyingi, akatema kidogo kwenye paji la uso, kidogo kwenye viganja, kidogo juu ya tumbo.

"Mama, hapo tulikuwa tumesafisha!" muuguzi akapiga kelele.

"Sasa ndio imesafishwa," mama mkwe akasema.

Nasieku akanitazama, macho yamejaa. "Sambusa, Mutiso?" akasema, wakamsukuma ndani.

Kungoja kule sitawaelezea. Aliyewahi kungoja mlango wa namna ile anajua, na asiyewahi namwombea asijue. Kulikuwa na benchi moja fupi. Mama mkwe aliketi huku, mimi nikaketi kule, na hakukuwa na mkoba katikati. Mama Akinyi alituletea ugali na samaki mzima, macho yake na meno yake.

"Nimepanda juu ya mawingu," mama mkwe akasema akimtazama yule samaki, "nimeketi na mkwe kiti moja. Na sasa mnataka nikule nyoka ya maji?"

Hakula. Mimi pia sikula, safari hii si kwa heshima.

Mlango ulipofunguliwa muuguzi alikuwa na mtoto wa kike, mdogo kama mkate, anapiga kelele za mtu mzima. Nasieku yuko salama, akasema. Mama mkwe alimpokea mtoto, akamtemea mate kidogo, kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akanigeukia na kuniangalia usoni kabisa.

"Paker, tumefika," akasema.

Kurudi

Alikaa kule wiki kadhaa, Nasieku akanywa mafuta ya kondoo hadi akaanza kuyakimbia. Dada yangu alipokuja kushika zamu, mama mkwe akasema ng'ombe wake wamemkumbuka. Nikaenda kumchukua.

Kwenye kaunta ya Kisumu kijana akauliza, "Niwaweke pamoja na mama?"

Nilikuwa nafungua mdomo kusema hakuna shida, sisi sasa ni watu wa karibu, tumepita mengi. Mama mkwe akanitangulia.

"Mbali," akamwambia. "Huyu weka nyuma kabisa. Mimi niweke mbele."

Kijana akanitazama kwa huruma. Nikachukua kadi yangu. Ndani ya ukumbi yeye akaketi upande ule, mimi upande huu, nimempa mgongo, mambo yamerudi kawaida. Niliapa siwezi kula uwanjani tena maisha yangu yote. Lakini mnanijua, na palikuwa na sambusa za moto. Nikasema moja tu, nikiwa na masikio wazi.

Nilikuwa nimeingiza nusu yake mdomoni niliposikia shanga zinagongana. Hazikusimama mbali. Hakukohoa. Zilikuja zikivuka ukumbi wote, mbele ya watu, zikazunguka kimeza changu, na mama mkwe akasimama mbele yangu kabisa, ananitazama nikitafuna.

"Paker," akasema, "simama. Ndege inaita."

Nikameza bila kutafuna, nikamfuata.